Kipandauso na uvimbe wa ubongo: kichwa changu na kichwa cha yaya

MamaVikwembe (Kadutu, Bukavu)

Ndugu zangu, hamjambo. Juzi usiku jirani aliniletea binti yake wa miaka 19, ameshika kichwa upande mmoja, macho kayafumba, anatapika kwenye beseni. Kabla sijasema neno mama mtu akaniambia: "Ni wewe uliyekuwa na yaya wa uvimbe kichwani. Tuambie, tuuze nini?" Walikuwa wamekwisha kuamua kuuza cherehani, na cherehani hiyo ndiyo inayolisha nyumba yao. Nilikaa nao mpaka saa saba za usiku. Niliyowaambia nayaandika hapa, maana najua nyumba yenye hofu hiyo si moja.

Kwetu vilikuwepo vichwa viwili vilivyouma, changu na cha yaya yangu (kwa wasomaji wa mbali: huku yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto). Changu kilitisha mtaa mzima. Chake hakuna aliyekijali.

Changu kilianza nikiwa na miaka 13. Kwanza naona nukta inayometameta pembeni, kama jua la saa nane linapopiga juu ya maji ya ziwa. Nukta inafunguka, inageuka mstari wenye meno kama msumeno, na mstari unatembea polepole mpaka nusu ya uso wa mtu niliye naye inapotea. Dakika 20, mara nyingine 25. Kisha macho yanarudi, na hapo kichwa kinaanza, mara nyingi upande wa kushoto, mara nyingine wa kulia: mtu anatwanga sombe (kisamvu) humo ndani na hachoki. Harufu ya sambaza (samaki wadogo wa ziwa) wakikaangwa inanitapisha. Mwanga wa dirisha siuwezi. Siku moja au mbili, halafu naamka mzima, na njaa kama mtu aliyetoka shambani.

Mwaka 2018 nilishikwa mara 4 katika mwezi mmoja, na familia ikasema basi, huu ni uvimbe. Baba mdogo akauza ng'ombe wake Walungu. Walio wa Bushi (nchi ya Washi, huku Kivu) wanaelewa uzito wa maneno hayo. Tukavuka mto Ruzizi, tukapanda basi mpaka Kigali, nikalazwa ndani ya ile mashine inayogonga kama fundi wa mabati. Majibu: ubongo safi. Daktari akasema ni migreni, kwa Kiswahili cha vitabu kipandauso, akaniandikia dawa ambazo famasi za Kadutu zinazo. Nililia njia nzima ya kurudi. Nilikuwa namlilia ng'ombe wa baba mdogo.

Yaya aliuza vikwembe (vitenge) sokoni, meza hiihii ninayouzia leo. Mwaka 2021 alianza kusema kichwa kinamuuma "kidogo tu, kama kilemba kimenibana". Parasetamoli 2, anakwenda kazini. Miezi ikapita. Noti zikaanza kumponyoka mkono wa kushoto. Akakata kikwembe vibaya mara mbili katika wiki moja, yeye aliyekuwa anapima yadi 6 kwa jicho. Akawa mkimya, chakula kinaungua jikoni naye anakitazama tu. Shemeji akasema ana kiburi. Wengine wakasema amelogwa na mwenye meza ya jirani. Kituo kimoja cha afya kilimtibu homa ya matumbo mara tatu. Hakuna hata mmoja wetu, nami nikiwemo, aliyeunganisha mkono, ukimya na kichwa.

Asubuhi moja akainama kunyanyua mzigo, akaanguka. Mkono wa kushoto ulitetemeka kwanza, kisha mwili mzima. Watu wakakimbia wakipiga kelele kwamba ni kifafa, asiguswe, mate yake yanaambukiza. Hayaambukizi! Mtu akianguka hivyo mlaze ubavu, ondoa vitu vinavyoweza kumgonga, usimtie kijiko mdomoni. Mwanafunzi mmoja ambaye mpaka leo simjui jina ndiye aliyekaa naye mpaka nikafika.

Hospitalini daktari kijana alifanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya muda wote ule: alichukua kitaa chake kidogo akamwangalia ndani ya macho, mpaka nyuma kabisa. Pale mshipa unaotoka ubongoni unapoingia kwenye jicho palikuwa pamevimba. Siku hiyohiyo akaagiza picha. Ilikuwa meninjioma, uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, upande wa kulia, mkubwa kama yai la bata. Haukuwa kansa. Alipasuliwa ng'ambo. Yu hai, anapika, anagombana na watoto wake. Mkono wa kushoto umebaki mzito.

Nilimuuliza yule daktari: inawezekanaje mimi niliyelia miaka yote niwe mzima, na yeye aliyekuwa akisema "kidogo tu" awe na yai kichwani? Akanieleza kwamba nyama ya ubongo yenyewe haisikii maumivu. Kinachouma ni utando wake na mishipa ya damu. Uvimbe unaokua polepole unaweza kujipatia nafasi kwa miaka bila kuuvuta utando sana. Kwenye kipandauso hakuna kitu kilichoota; ni mishipa ya fahamu ya uso na ya utando inayowaka kupita kiasi, ndiyo maana unalia usiku kucha na picha inatoka safi. Hata ule mstari wa msumeno ni wimbi linalotembea juu ya ubongo, kama milimita 3 kwa dakika. Mmarekani Karl Lashley aliichora mistari yake mwenyewe akaikadiria kasi hiyo mwaka 1941, na mwaka 1944 Mbrazili Aristides Leão akaeleza wimbi la namna hiyo aliloliona katika ubongo wa sungura. Kujua kwamba kile kitu kina mwendo na kipimo kulinituliza kuliko vidonge.

Kwa hiyo jirani nilimwambia: usipime hatari kwa ukali wa maumivu. Uliza kichwa hiki kimebadilika vipi, na kimekuja na nani, yaani na dalili gani nyingine. Cha binti kimemjia tangu mwaka wa pili wa sekondari, huja karibu na hedhi, huisha, na katikati yake msichana ni mzima, anaimba kwaya. Hakijabadilika, na hakijaleta mgeni. Cherehani isiuzwe. Aangaliwe macho, apimwe presha, aanze daftari: siku, saa, upande, alichokula, alivyolala, dawa alizomeza.

Wenye ujuzi wanisahihishe nilipokosea.


Muuguzi_Ibanda

Dada yangu, hujakosea. Niongeze ninayoyaona kazini.

Kipandauso kwa kawaida hudumu saa 4 mpaka saa 72, na wanaougua ulimwenguni ni zaidi ya watu bilioni 1, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume. Uvimbe wa ubongo ni jambo adimu. Katika hesabu za Uingereza, kati ya watu 1000 wanaokwenda kwa daktari wa kawaida kwa sababu ya kichwa, mwenye uvimbe ni kama 1. Kipandauso hakigeuki kuwa uvimbe. Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na vyote viwili, kama anavyoweza kuwa na presha na jino bovu, lakini kimoja hakikizai kingine.

Mgonjwa akiniambia haya, mimi huacha kalamu na kumtafuta daktari: mkono au mguu unaolegea, maneno yanayompotea, tabia iliyogeuka, kuanguka kwa degedege mtu mzima ambaye hajawahi, kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa kinachoongezeka wiki kwa wiki bila siku ya kupumzika, kinachozidi akikohoa, akiinama au akijikamua chooni, macho yanayoona ukungu au watu wawili wawili, aliyewahi kuwa na kansa mahali pengine. Mwanamke ambaye hedhi imekatika na maziwa yanamtoka bila kunyonyesha, naye ana kichwa, tunafikiria uvimbe wa ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Na kichwa kinacholipuka ghafla, ndani ya dakika moja kikafika kileleni, hicho ni cha kukimbia nacho, maana huenda ni damu inavuja.

Jambo jingine: huku kwetu doa kwenye picha si lazima liwe kansa. Kifua kikuu kinaweza kuota donge ubongoni. Mayai ya tegu wa nguruwe yakimezwa kwa maji au mikono michafu huweza kufanya vifuko kichwani na kuleta degedege. Mwenye virusi vya UKIMWI akipata kichwa kipya asisubiri hata wiki. Yote haya yana dawa. Niliwahi kuona familia ikimrudisha mgonjwa kijijini "akafie nyumbani" kwa sababu ya neno doa.


Bagira_Kwetu

Mimi mmenitia hofu. Nimesikia kichwa cha uvimbe huuma asubuhi na kuleta kichefuchefu. Changu kinauma asubuhi tu, wiki ya tatu sasa. Nikitoka kwenda kazini, kufikia saa nne kimeisha. Jumapili nikikaa ndani hakiishi. Nina miaka 34.


Muuguzi_Ibanda

Tulia kwanza, ndugu. Hiyo habari ya asubuhi imo vitabuni, lakini haifuatwi sana na wagonjwa wenyewe. Mwaka 1993 Forsyth na Posner, madaktari wa Marekani, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 111 wenye uvimbe wa ubongo. Waliokuwa na maumivu ya kichwa ni asilimia 48 tu. Katika hao, asilimia 77 walikuwa na kichwa cha kubana cha kawaida, asilimia 9 ndio waliofanana na kipandauso, na picha ile ya vitabuni ya asubuhi ilionekana kwa asilimia 17. Ndiyo maana kichwa cha yaya wa MamaVikwembe hakikumshtua mtu.

Nikuulize mimi sasa. Nyumbani mnaishi wangapi? Wengine wanaamka vipi?


Bagira_Kwetu

Tuko 5. Mama watoto analalamika kichwa pia, tulidhani ni malaria. Mdogo wa miaka 4 ametapika asubuhi mbili.


MamaVikwembe (Kadutu, Bukavu)

Papa, mbabula (jiko la makaa) mnailaza wapi?


Bagira_Kwetu

Ndani. Mvua hizi na baridi, tukimaliza kupika maharage tunaiingiza chumbani, makala yanakuwa mekundu tu, hayatoi moshi.


Muuguzi_Ibanda

ITOENI LEO. Usiku huu. Fungueni mlango na madirisha.

Makala yasiyotoa moshi ndiyo yanayodanganya. Yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Inashika damu mahali pa oksijeni. Nyumba nzima ikiuma kichwa pamoja, watu wakipata nafuu wakitoka nje, hilo halina uhusiano na uvimbe. Uvimbe hauambukizi watu 5 kwa wiki moja. Mtoto akiwa mlegevu au haamki vizuri, mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi kwamba mmelala na makala. Usingizi huo umeua familia nzimanzima.

MamaVikwembe, Mungu akubariki kwa swali hilo.


Kijana_wa_Ndosho (Goma)

Aksanti mama kwa uzi huu. Huku kwetu ongeza na mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo ya mawe ya volkano, hasa upande wa ziwa. Mtoto akiingia bondeni asubuhi mapema kichwa kinamzunguka, akichelewa hatoki. Kichwa kikimuuma mtu mahali pamoja tu, mtazame mahali kabla ya kumtazama mtu.

Mimi kipandauso kilinianza baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021. Tulikimbia usiku kwa miguu hadi Sake, siku nyingi bila usingizi wala chakula cha wakati. Nilidhani nimevuta sumu ya mlima. Daktari akaniambia kukosa usingizi, njaa na mshtuko hukiamsha kipandauso kilichokuwa kimelala ndani ya damu ya ukoo. Kweli, bibi yangu alikuwa akifunga kichwa kwa kitambaa kila mwezi na kujifungia gizani. Hatukujua jina lake, tulisema tu "bibi ana siku yake".


Lushi_Katuba (Lubumbashi)

Mimi niko Lubumbashi. Swali langu ni la simu. Kwetu wachungaji wawili wamesema simu inaleta uvimbe wa ubongo, na binti yangu mwenye kipandauso halali bila simu sikioni. Nimnyang'anye?

La pili, mimi mwenyewe nameza dawa ya kichwa kila siku, kidonge 2 asubuhi, 2 jioni, mwaka wa pili huu. Nisipomeza kichwa kinarudi. Ndiyo maana naamini kuna kitu humo ndani.


Muuguzi_Ibanda

La simu: mwaka 2011 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya WHO liliweka mawimbi ya redio kwenye kundi la "huenda yanaleta kansa", kwa sababu ushahidi wa wakati huo ulikuwa haba. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mkubwa ulioagizwa na WHO, haukuona uhusiano wa simu na kansa ya ubongo. Mnyang'anye usiku, ndiyo, kwa sababu ya usingizi. Usingizi uliokatika ni kuni za kipandauso.

La pili ndilo linalonihangaisha, mama. Dawa zenyewe ndizo zinazorudisha kichwa. Anayemeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, anaweza kujijengea kichwa kisichoisha. Kwa vidonge vilivyochanganywa na kodeini au kafeini ni siku 10 tu. Usiache kwa hasira peke yako. Daktari akusimamie, maana siku za mwanzo kichwa hukasirika kabla ya kushuka. Na zipo dawa za kukinga zinazomezwa kila siku kwa makusudi, kama propranololi (si kwa mwenye pumu) au amitriptilini. Zile za kutuliza humezwa mapema, kichwa kikianza tu, na si kila siku. Watoto msiwape aspirini.

Kwa wasichana: anayeona ule mstari wa msumeno kabla ya kichwa amwambie anayempa vidonge vya kupanga uzazi. Vyenye estrojeni vinamwongezea hatari ya kiharusi. Zipo njia nyingine.


Mwalimu_Nyawera

Naomba kutofautiana kidogo na MamaVikwembe. Unasema wasiuze cherehani. Lakini kama siku ile msingempiga yaya picha? Mimi ningeuza hata nyumba nipate uhakika. Hofu nayo ni ugonjwa.


MamaVikwembe (Kadutu, Bukavu)

Mwalimu, nakuheshimu, na hofu hiyo nimelala nayo. Lakini yaya hakupigwa picha kwa sababu kichwa kilimuuma. Alipigwa kwa sababu mkono ulilegea, alianguka, na jicho lilikuwa limevimba nyuma. Kwa dalili kama hizo hata mimi nitauza meza yangu leo.

Picha bila dalili nayo ina mtego wake. Yule daktari aliniambia habari za Rotterdam, Uholanzi: mwaka 2007 walichapisha majibu ya watu 2000 wa makamo na wazee waliopigwa picha za ubongo. Asilimia 1.6 walikutwa na uvimbe usio kansa, wakiwa hawajui lolote. Wengi wa namna hiyo huishi nao mpaka uzee. Sasa fikiria mtu wa Kadutu ameuza shamba, ameambiwa ana kijidoa ambacho pengine hakina kazi yoyote, na hana nauli ya kurudi kukiangalia mwaka ujao. Huyo uhakika ameupata?

Kumulika macho kwa kitaa ni kazi ya dakika chache. Kutembezwa kwa mstari, kugusa pua kwa kidole, kukunja ngumi zote mbili, ni bure. Nataka watu wadai hivyo kwanza. Ng'ombe wa baba mdogo angekuwepo mwaka 2021, tusingekopa kwa riba kumpasulia yaya.


Mwalimu_Nyawera

Hilo la mwisho sikulifikiria. Pole dada.


Bagira_Kwetu

Nimerudi. Siku 6 mbabula inalala nje chini ya bati. Mtoto tulimpeleka usiku uleule, wakampa oksijeni, yuko sawa. Kichwa changu kimeisha. Cha mama watoto pia. Sijui nitawalipa nini.


Mke_wa_Dereva (Bukavu)

Shikamooni. Nimesoma yote usiku huu. Bwana yangu ana miaka 54, hajawahi kuumwa kichwa maishani. Wiki ya tatu sasa kinamuuma, si sana, anakwenda kazini. Lakini leo mezani alitaka chumvi, akasema "ile… ile ya… mchanga". Nilicheka. Hakucheka. Mdomo upande wa kulia umeshuka kidogo, au ni taa?


Muuguzi_Ibanda

Mama, usisubiri asubuhi. Miaka 54, kichwa kipya, maneno yanapotea, mdomo umeshuka. Huenda ni uvimbe, huenda ni kiharusi, na chochote kati ya hivyo ni cha leo. Asiendeshe gari yeye. Asile wala kunywa mpaka waone kama anameza vizuri. Andika saa ulipoyaona haya, uwaambie.


MamaVikwembe (Kadutu, Bukavu)

Mama, mko mtaa gani? Niandikie kwa ujumbe wa siri. Shemeji yangu ana gari na yuko macho.


Mke_wa_Dereva (Bukavu)

Tumefika. Daktari amezima taa ya chumba, anamwangalia macho sasa.